Uwanja wa Ndege ni wa Nani?

Wako watu wasemao ya kuwa habari za Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta ni za wapandao ndege peke yao. Mkulima wa Kirinyaga, ati, ana haja gani na saruji ya Embakasi? Na awaachie wataalamu! Neno hili nimelisikia katika matatu, nimelisikia barazani, na, kwa masikitiko, nimelisikia hata katika chumba cha walimu. Nakuomba, msomaji, tulipime pamoja, maana lina hatari kuliko lionekanavyo.

Tuanze na jasho. Uwanja ule ulijengwa katika miaka ya Hali ya Hatari, ukafunguliwa mwaka wa 1958. Miongoni mwa walioichimba ardhi ya Embakasi walikuwamo watu wengi waliotiwa kizuizini kwa ajili ya Mau Mau, wakifanya kazi chini ya ulinzi wa bunduki. Hawakuulizwa kama waliipenda kazi hiyo, na yamkini ni wachache mno waliopata kupanda ndege mahali pale. Wajukuu wao ndio hao tunaowaambia leo ya kuwa mambo hayawahusu.

Kisha kuna mazao. Ndege zitokazo Embakasi kwenda Ulaya hazichukui watalii tu. Huchukua waridi la Naivasha na mishiri ya Kirinyaga. Ua halingoji. Likikawia katika joto, thamani yake imekwisha, na hasara humfikia mwanamke aliyeamka alfajiri kulikata, ingawa yeye hana hata pasipoti.

Usinidhanie napinga uwanja usitengenezwe. Uwanja mkuu wa taifa hili una njia moja tu ya kurukia ndege. Tarehe 7 Agosti, 2013, moto uliteketeza ukumbi wa kuwasili wageni, abiria wakapokewa katika mahema. Agosti 2023 umeme ulipokatika nchini, jenereta ya akiba ilikataa kuwaka, watu wakakaa gizani kwa saa nyingi. (Jenereta haihitaji mkopo wa kigeni ili ijaribiwe kila juma, yahitaji mtu mwenye kuijali kazi yake.) Kutengeneza ni lazima. Ninalolipinga ni kutengeneza kwa kificho.

Tazama yaliyotokea mwaka wa 2024. Kampuni ya Adani ya India ilileta pendekezo la kujenga jengo jipya la abiria na njia ya pili ya ndege, kwa dola bilioni 1.85, nayo ipewe uwanja iuendeshe kwa muda wa miaka 30. Pendekezo lilifika mezani mwezi wa Machi; umma haukulijua mpaka Julai, nao ulilijua kwa karatasi zilizovuja. Je, mwenye nyumba huarifiwa na jirani ya kuwa nyumba yake inapangishwa? Chama cha Mawakili na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya wakaenda mahakamani, na mnamo Septemba Mahakama Kuu ikausimamisha mpango huo. Siku mbili baadaye wafanyakazi wa uwanja wakagoma, na safari zikavurugika.

Lakini mpango haukufa kwa ajili ya hayo. Ulifutwa na Rais William Ruto tarehe 21 Novemba, siku moja baada ya waendesha mashtaka wa Marekani kumshtaki mwenye kampuni kwa rushwa, mashtaka yaliyohusu mambo ya India na ambayo kampuni iliyakanusha. Rais alitaja habari mpya kutoka kwa wachunguzi wetu na kwa nchi rafiki. Naam, nchi rafiki! Maswali ya Mkenya yalidharauliwa kwa miezi minne. Habari za ng'ambo zilisikizwa kwa siku moja. Hapo ndipo ninapoona aibu, kuliko katika paa livujalo.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Jengo lililoitwa Greenfield, la kupokea abiria milioni 20 kwa mwaka, lilianzishwa kwa shangwe, na mwaka wa 2016 mkataba wake ukafutwa.

Basi mkataba utakaofuata uchapishwe wote kabla ya kutiwa sahihi, na kwa Kiswahili pia. Utaje deni, utaje miaka, utaje ada atakayotozwa mwenye maua, na hali ya kila mfagizi na mpakiaji atakayekuwa chini ya bwana mpya. Nawe mwanafunzi, usiseme u mdogo. Mkataba wa miaka 30 ukitiwa sahihi hali una miaka 16, utakwisha ukiwa na miaka 46. Watakaoutia sahihi watakuwa wamestaafu zamani, na ankara italetwa kwako.