Mapatano yetu yasiyumbe

Mu mazungumzo na patron, karatasi ndiyo silaha ya mfanyakazi. Lakini tuseme kweli: mapatano ya kazi yaliyochapwa mu Word yanafunguka tofauti kwenye kila ordinateri. Ukiongeza artikle moja katikati, namba zilizoandikwa kwa mkono zinachanganyikana: artikle 31 inaendelea kusema "angalia artikle 18", na kumbe ile 18 imekwisha kuwa 19. Mwenye kulipa ni mfanyakazi.

Njia iko. Donald Knuth, mwalimu wa chuo kikuu cha Stanford kule Marekani, alitoa programu TeX mu 1978. Leslie Lamport akajenga LaTeX juu yake mu miaka ya 1980. Hailipishwi hata franka moja, na mashine ya zamani inaiweza. Unaandika maneno matupu, unatia alama penye artikle na penye "angalia", kisha unapiga amri moja: pdflatex mapatano.tex. Irudilie mara ya pili, namba zote zinajipanga zenyewe.

Faida kubwa ni hii: juu fayilo ni maneno matupu, mashine inalinganisha ya jana na ya leo, mstari kwa mstari. "Lazima" likigeuzwa "inawezekana", tunaliona mbele ya kutia sahihi.

Watasema ni ngumu. Ndiyo, ukisahau alama moja, mashine inakataa. Lakini ile inajifunzwa. Kila sendika ichague vijana wawili, iwafundishe sasa, si siku ya mazungumzo.