TUTUNZE WENYEWE BARUA ZETU ZA KOMPYUTA



Zamani katibu wa sendika alipopiga barua kwa taipu, aliweka karatasi ya kaboni katikati. Barua yenyewe ilikwenda kwa mwajiri, nakala ikabaki kabatini kwetu. Siku ya mabishano tulifungua kabati, tukaweka karatasi mezani. Leo ahadi nyingi za waajiri zinakuja kwa barua pepe, na ufunguo wa kabati wanao wao.

Katika kiwanda kimoja hapa Bujumbura, wajumbe wetu waliahidiwa kwa barua pepe malipo ya saa za ziada. Mjumbe aliyeipokea alipoachishwa kazi, anwani yake ya ofisini ilifungwa siku hiyo hiyo. Wenzake walifika mbele ya mkaguzi wa kazi mikono mitupu. Mwajiri akasema hakuahidi kitu. Saa zile hazijalipwa mpaka leo.

Wengine watauliza: sisi wachuma chai na wakata miwa, kompyuta inatuhusu nini? Inatuhusu, kwa sababu orodha za mishahara na amri za kupunguza watu zinapita humo humo kati ya shamba na mji.

Basi tuelewe kitu hiki kilivyo. Barua pepe si uchawi. Tangu Ray Tomlinson, fundi wa Marekani, alipotuma ya kwanza kutoka mashine moja hadi nyingine mwaka 1971, imebaki kuwa maandishi matupu. Juu kuna mistari ya mtumaji, mpokeaji, tarehe na kichwa cha habari. Kuna na mstari wa nakala, Cc, na herufi hizo zimetoka kwenye ile kaboni yetu ya taipu. Kisha mstari mmoja mtupu, halafu maneno yenyewe. Hata picha iliyoambatishwa hugeuzwa kuwa herufi na tarakimu. Ukiziona zimejaa ukurasa usidhani barua imeharibika, wala usizifute.

Kompyuta nyingine huweka barua zote katika faili moja refu, zikifuatana. Nyingine huipa kila barua faili lake. Faili la namna hiyo hufunguka kwa programu yoyote ndogo ya kuandikia, hata kwenye mashine kuukuu, bila kununua kitu. Lakini programu kadhaa za maofisini hufungia barua katika sanduku linalofunguliwa na programu hiyo peke yake. Huko tusiweke haki zetu.

Tunapendekeza mambo matatu kwa kila tawi.

Kwanza, tawi liwe na anwani yake lenyewe, isiyo ya mwajiri. Mazungumzo yote ya sendika yapite hapo.

Pili, kila mwisho wa mwezi katibu apakue barua nzima nzima kama faili, pamoja na mistari ya juu inayoonyesha mashine zilizopitia. Kunakili maneno peke yake au kupiga picha ya kioo cha simu hakutoshi.

Tatu, faili ziwekwe kwenye flashi tatu, kwa watu watatu, na barua za maana zichapwe kwenye karatasi. Maandishi matupu yana udhaifu wake: yeyote aweza kubadili neno. Nakala tatu zikilingana, si rahisi mtu kusema tumeghushi.

Katika majadiliano tudai pia kwamba anwani ya mjumbe isifungwe kabla hajachukua barua zinazohusu kazi yake ya ujumbe. Sheria mpya ya kazi ya Novemba 2020 imekwisha tungwa, lakini mbele ya mkaguzi sheria inahitaji ushahidi, na ushahidi huo ni kazi yetu kuutunza.

Matawi yaanze mwezi huu. Flashi tatu haziwezi kulishinda tawi lenye wanachama wanaolipa michango yao.

Umoja wetu ndio nguvu yetu.