Uhuru wa Fedha: Majibu kwa Wanaosema Haiwezekani na kwa Wanaosema ni Rahisi

Mazungumzo ya fedha, yawe kwenye daladala au ofisini wakati wa chai, huwa na kambi mbili. Moja inasema mtu wa kawaida hawezi. Nyingine inasema anaweza, tena haraka, ilimradi ajiunge na kitu fulani. Naamini zote mbili zinatuumiza, na ya pili hula kwa mgongo wa ya kwanza: aliyekwisha kukata tamaa na njia ya polepole ndiye anayenaswa na njia ya mkato.

Ninaposema uhuru wa fedha sizungumzii kuacha kazi ukiwa na miaka 35. Nazungumzia mtu ambaye mtoto akiugua usiku haanzi kupiga simu za kukopa, akinyanyaswa kazini anaweza kuondoka, na akizeeka hali kwa huruma ya wengine. Hayo yanawezekana hapa kwetu. Yafuatayo ni madai yanayotuzuia.

"Kipato changu ni kidogo, sina cha kuweka"

Kwa baadhi ya watu dai hili ni kweli tupu. Familia inayokula mlo mmoja haihitaji somo la akiba, inahitaji kipato, na anayeihubiria ibane matumizi anaitukana. Ila mara nyingi maneno haya hutoka kwa mwenye mshahara wa kila mwezi, na jibu lake liko kwa watu wanaopata pungufu yake.

Mwaka 1991 shirika la CARE lilianza kusaidia wanawake wa vijijini nchini Niger kuunda vikundi vya kuweka na kukopa, bila benki na bila mtaji kutoka nje. Mfumo ule ukasambaa Afrika, na VICOBA vyetu vya Tanzania vina asili hiyo. Mama lishe na muuza dagaa hukutana kila wiki, hununua hisa zao mbele ya wenzao, fedha hufungiwa kwenye sanduku lenye kufuli tatu na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Mzunguko ukiisha hugawana akiba pamoja na faida ya mikopo waliyokopeshana. Wanaweza kwa sababu wana siku maalumu, wana mashahidi, na fedha ikishaingia sandukuni haitoki kwa tamaa ya jioni moja. Mwenye mshahara anaweza kujiwekea utaratibu huo huo kwa kuagiza benki ikate kiasi siku ile ile mshahara unapoingia, kabla yeye hajaanza kupanga matumizi. Anayesubiri kuweka kitakachobaki mwisho wa mwezi hatakikuta.

Tupige hesabu. Shilingi 2,000 kwa siku ni 730,000 kwa mwaka. Zikiwekezwa kwa faida ya asilimia 10 kwa mwaka, na faida ikiachwa ndani, baada ya miaka 20 zinakaribia milioni 42, ilhali zilizotoka mfukoni mwako ni milioni 14.6. Asilimia 10 si ahadi ya mtu yeyote, lakini si ndoto pia: hatifungani ya serikali ya Tanzania ya miaka 25 ilipoanza kuuzwa mwaka 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95. Na ukitaka kujibana zaidi, ondoa mfumuko wa bei, ubaki na faida halisi ya asilimia 6, huku ukipandisha kiasi unachoweka kadiri bei zinavyopanda. Bado unapata karibu milioni 27 kwa thamani ya shilingi ya leo.

"Akiba haiozi"

Methali hii tumeirithi na ina heshima yake, ila fedha iliyofungiwa kwenye kibubu inaoza taratibu. Tangu mwaka 2018 mfumuko wa bei wa mwaka nchini Tanzania umekaa chini ya asilimia 5, jambo ambalo ni zuri, na hata hivyo kwa asilimia 4 tu milioni moja iliyofichwa leo itanunua baada ya miaka 10 kile kinachonunuliwa sasa kwa kama 675,000. Kibubu ni mahali pa kuanzia. Fedha ya dharura, ya miezi mitatu hivi ya matumizi, ikae mahali unapoweza kuichukua upesi. Inayozidi hapo ipewe kazi.

"Ardhi ndiyo mali, mengine ni karatasi"

Hili ndilo dai ninaloliogopa kulijibu, kwa kuwa nusu yake ni kweli. Ardhi imewatajirisha Watanzania wengi. Aliyenunua eneo Kigamboni au Bunju wakati kukiwa bado pori anajua alichofanya. Ndiyo maana kijana akipata milioni mbili za kwanza anakimbilia kiwanja, akishapata kiwanja anakimbilia msingi, na miaka 10 baadaye ana pagala lenye nyasi ndani, huku akilipa kodi ya nyumba kwingine na kukopa kila Januari ili kulipa ada.

Kwanza, kiwanja hakilipi chochote hadi kiuzwe au kijengwe. Mtoto akilazwa hospitali, huwezi kukata kipande cha robo heka ukapeleka dirisha la malipo. Anayeuza kwa dharura huuza kwa bei ya mnunuzi, na madalali wanaijua harufu ya mtu mwenye shida. Pili, kusema ardhi haina karatasi ni kujidanganya. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ni mdhamini wake. Wewe unamiliki haki ya kuitumia, kwa hati ya miaka 33, 66 au 99. Mwenye barua ya mauziano iliyoandikwa mbele ya mjumbe ana karatasi dhaifu kuliko ya mwenye hatifungani. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa kando ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya kupisha upanuzi wa barabara, na miongoni mwa waliopoteza walikuwemo walioishi pale miaka mingi. Kuna pia viwanja vilivyouzwa mara mbili, na kesi za mirathi zinazoibuka mnunuzi akiwa amekwisha kufika kwenye lenta.

Nunua ardhi, nakuomba uinunue. Lakini kwanza kapekue ofisi ya ardhi, na usiitie kila shilingi uliyo nayo.

Zaidi ya hayo, hizo "karatasi" hazikutengwa kwa ajili ya matajiri. Mfuko wa Umoja wa UTT ulizinduliwa mwaka 2005 kwa kusudi hasa la kukusanya fedha ndogo za wananchi wengi na kuziwekeza pamoja. Kenya mwaka 2017 ilianza kuuza M-Akiba, hatifungani ya serikali iliyonunuliwa kwa simu kuanzia shilingi 3,000 za Kenya, kwa riba ya asilimia 10 isiyokatwa kodi.

"Hisa ni kamari, na riba ni haramu"

Haya ni madai mawili, na watu huyaunganisha ili kufunga mjadala.

Kamari haizalishi kitu. Ukinunua hisa ya kampuni ya saruji, kuna mtu anatengeneza saruji, anaiuza, na sehemu ya faida inakufikia kama gawio. Hasara ipo, sikatai. Hisa za Vodacom Tanzania ziliuzwa kwa umma mwaka 2017 kwa shilingi 850, kisha zikakaa miaka zikiwa chini ya bei hiyo. Hisa za CRDB zilitolewa mwaka 2009 kwa shilingi 150, zikashuka chini ya hapo kwa kipindi kirefu, baadaye zikapita 500. Safaricom ilianza mwaka 2008 kwa shilingi 5 za Kenya, ikaanguka na kuwavunja moyo walionunua kwa mkopo, na mwaka 2021 ikapita 40. Aliyenunua kwa fedha ya ada ya muhula ujao aliuza kwa hasara. Aliyenunua kwa fedha asiyoihitaji kwa miaka 10, na katika zaidi ya kampuni moja, alikuwa na nafasi ya kungoja. Tofauti ilikuwa muda wa fedha yenyewe, na muda huo kila mtu anaweza kuupanga.

Kuhusu riba, imani ya mtu si ya kubishania. Ila haifuati kwamba Mwislamu afungiwe nje ya uwekezaji. Malaysia ilianzisha mwaka 1963 taasisi ya akiba kwa wanaokusudia kwenda Hija, ambayo leo ni Tabung Haji, na kazi yake tangu mwanzo ni kuwakusanyia watu akiba bila riba. Kwetu, Amana Bank ilifungua milango mwaka 2011 kwa misingi ya Kiislamu, na sukuk, yaani hatifungani za Kiislamu zisizo na riba, zimekwisha kuuzwa Tanzania Bara na Zanzibar. Muulize mwanazuoni unayemwamini kuhusu kila bidhaa. Usikubali jibu la jumla la mtu anayetafuta sababu ya kutoanza.

"Mkopo wa simu ni wa kujikwamua tu"

Huduma ya mikopo ya M-Shwari ilipoanza Kenya mwezi Novemba 2012, ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Inaonekana ndogo. Anayekopa hivyo kila mwezi, akilipa na kukopa tena, analipa asilimia 90 kwa mwaka, na hakuna uwekezaji halali ninaoujua utakaomfikisha huko. Wakopeshaji wa mitaani, wale wa mikopo tunayoiita kausha damu, ni wabaya zaidi, kwa kuwa huchukua kadi ya benki au friji ya mtu. Mwenye deni la namna hiyo asifungue akaunti ya uwekezaji. Kulimaliza deni hilo ndiyo faida kubwa kuliko zote atakazopata mwaka huu.

"Panda leo, uvune mara mbili"

Hasira yangu kubwa iko hapa. Taasisi ya upatu ya DECI iliwafuata Watanzania kwa lugha waliyoizoea makanisani, ya kupanda mbegu na kuvuna. Ilipoporomoka mwaka 2009, waliolia walikuwa wajane, walimu na wakulima waliouza mifugo. Viongozi wake walishtakiwa Kisutu na kutiwa hatiani mwaka 2013, lakini hukumu hairudishi ng'ombe.

Mipango ya aina hii humlipa wa mwanzo kwa fedha ya anayefuata. Kama kila aliyeingia anaahidiwa mara mbili, kila mzunguko unahitaji watu mara mbili ya uliopita. Anza na watu 100. Mzunguko wa kumi baada ya huo unahitaji watu 102,400. Wa ishirini unahitaji zaidi ya milioni 104, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7. Hakuna uaminifu wa kiongozi wala maombi ya wanachama yatakayobadili hesabu hiyo. Leo mpango huja kwa jina la sarafu za mtandaoni au kazi ya kutazama video kwenye simu, na hesabu haijabadilika. Anayekusanya fedha za umma kuwekeza lazima awe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana au ya Benki Kuu. Cheti cha usajili wa kampuni cha BRELA, ambacho hupenda kukionyesha, si leseni ya kupokea fedha zako.

"Ukifikisha mara 25 ya matumizi yako, umemaliza"

Vijana wengi wanaosoma vitabu vya Kimarekani wananitajia namba hii, yaani akiba ya mara 25 ya matumizi ya mwaka mmoja. Inatokana na kazi ya William Bengen ya mwaka 1994, aliyepima soko la hisa na hatifungani za Marekani kwa mstaafu wa miaka 30. Ni kazi nzuri kwa kule. Mfumuko wetu wa bei, soko letu dogo la hisa na idadi ya wanaotutegemea ni vingine kabisa. Itumie kama dira, usiitumie kama hukumu.

"Ukitaka kuendelea, kata ndugu"

Ushauri huu unasambaa na ni mbaya. Aliyesoma kwa ada ya mjomba hana haki ya kumwita ndugu mzigo. Tena undugu ni bima: siku ya msiba hatuoni kampuni, tunaona turubai, sufuria kubwa na shangazi waliosafiri usiku. Tatizo letu ni kutoa bila mpango, ndipo kadi ya mchango wa harusi inakula ada ya mtoto. Tenga fungu la ndugu kila mwezi kama unavyotenga kodi ya nyumba. Likiisha, sema limeisha hadi mwezi ujao, kwa adabu. Kwa harusi toa unachoweza, si kiwango ambacho kamati imekuandikia. Kwa ada, lipa shuleni moja kwa moja. Na mara moja moja toa kubwa kwa mmoja: cherehani au mafunzo ya ufundi ya VETA kwa mdogo wako hupunguza simu za miaka inayokuja.

"Watoto wangu ndiyo pensheni yangu"

Watoto wema watakutunza, na watafanya hivyo huku wakilea watoto wao na kutunza wakwe zao, kwa mishahara inayotafutwa na wengi. Mzazi anayejiandaa anawaachia wanawe nafasi ya kuanza mapema kuliko yeye alivyoanza. Kwa aliyeajiriwa maandalizi hayo tayari yana sheria: mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri anabeba angalau nusu yake. Aliyejiajiri naye anaruhusiwa kujiunga kwa hiari. Lakini wapo waajiri wanaokata na wasipeleke, na wafanyakazi hugundua siku wanapostaafu, ofisi imefungwa na mhasibu hayupo.

Kwa hiyo wiki hii, kabla ya kufikiria hisa au kiwanja, omba taarifa ya michango yako kutoka kwenye mfuko. Ilinganishe na hati zako za mshahara, mwezi kwa mwezi. Ukikuta pengo, lidai sasa, ungali na ajira na ushahidi mkononi.