Chalbi si tupu, jamani!

Haya wadau, nimerudi hosteli salama. Midomo imepasuka, viatu vimejaa vumbi la chumvi, na mtihani wa Jumatatu hata sijaugusa. Lakini hili lazima nilitoe kwanza.

Pale karibu na kantini kuna tangazo kwenye ubao: ati "Beba begi lako twende Chalbi, jangwa lisilo na watu." Tangazo hilo hilo ndilo lililonipeleka. Leo nalipinga.

Hakuna watu? Sensa ya 2019 ilihesabu watu 459,785 katika kaunti ya Marsabit. Ndiyo, ni kaunti kubwa ajabu, ukiwatawanya unapata kama sita kwa kila kilomita ya mraba. Lakini sita si sufuri! Wagabra, Warendile, Waborana, Wasamburu, Waturkana na Waelmolo hawakukaa huko wakingoja wewe uje kuwapiga picha.

Mimi nimejifunza kwa aibu. Nairobi mpaka Marsabit mjini ni lami, raha mstarehe. Kutoka hapo tulidandia lori mpaka Maikona, tukaendelea kuelekea Kalacha. Njiani maji yakatuishia. Tulipoona kisima, mwenzetu akashusha ndoo, akajaza chupa zote, yaliyobaki akajimwagia kichwani. Kando alisimama mama mmoja na ngamia wake, anatutazama tu. Kijana mmoja akatuambia kwa upole: "Ndugu zangu, kisima hiki kina zamu. Leo ni ya huyu mama, na amelala njiani ndipo akafika." Nilitamani ardhi inimeze. Na mama yule yule ndiye aliyetupa maziwa ya ngamia kabla hatujaondoka.

Najua mtasema, kwani chupa tatu za maji ni nini? Shida si chupa. Shida ni kudhani kwamba kitu kisicho na ua wala geti hakina mwenyewe.

Na dhana hiyo haikuanza na sisi. Mwaka 1965, Waraka Na. 10 wa serikali ulisema fedha za maendeleo zielekezwe kwanza penye ardhi nzuri na mvua. Kaskazini ikabaki inasubiri. Juzi juzi ikasimamishwa mitambo 365 ya umeme wa upepo upande wa Loiyangalani, na mwaka 2021 mahakama kule Meru ikaamua kwamba hati za ardhi hiyo zilipatikana kinyume cha sheria. Wenyeji ndio waliokwenda kushtaki, wale wale tunaoambiwa hawapo! Mnaona? Neno "tupu" linaanza kama mchezo kwenye ubao wa kantini, linaishia kwenye hati ya shamba.

Sisemi msiende. Nendeni! Usiku wa Chalbi, nyota zile, sijawahi kuona kitu kama hicho. Lakini mlipeni kijana wa huko awaongoze. Bebeni maji ya kutosha. Ulizeni kabla ya kuteka, ulizeni kabla ya kupiga picha, na mkiambiwa hapana, basi ni hapana. Kama hilo linakushinda, baki hapa hosteli utazame ukuta.

Kesho asubuhi napita pale ubaoni na kalamu. Nafuta "lisilo na watu", naandika "lenye wenyewe". Anayebisha anikute kantini, chai juu yangu.