Waliokataa Kutengana

Tangu zamani watoto wa shule za misioni husimuliwa habari za Mtakatifu Kizito wa Uganda. Alichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, na umri wake ulikuwa miaka 14 hivi. Habari hiyo ni njema, wala hatutaacha kuisimulia. Lakini nimeona ya kuwa ina hatari moja. Kijana akiisikia hufikiri hivi: "Mimi sina mfalme wa kunitisha. Hakuna mtu anayekusanya kuni ili anichome. Basi, imani yangu haina kazi kwa sasa. Nitangoja siku kubwa." Naye hungoja. Dominika huenda Misa, huimba vizuri, hupokea Komunyo. Kisha tangu siku ya kwanza mpaka siku ya posho huishi kama mtu asiyebatizwa.

Mimi sikubali fikira hiyo. Siku kubwa haimpi mtu moyo mpya. Humkuta na moyo ule ule aliokuwa nao jana. Kwa hiyo leo, vijana wapenzi, tuiache Namugongo. Nitawaeleza habari za wanafunzi waliokuwa jirani zetu, ambao wazazi wenu wanakumbuka vizuri mwaka wa kufa kwao.

Ukisimama kando ya maji hapa Uvira, asubuhi mawingu yakiisha kuondoka, unaiona milima ya Burundi ng'ambo ya ziwa. Katika milima hiyo, mbali upande wa kusini, katika jimbo la Bururi, iko seminari ndogo ya Buta. Mwezi wa Oktoba 1993 rais wa Burundi, Melchior Ndadaye, aliuawa, na nchi ikaingia katika vita. Wahutu na Watutsi wakauana. Watu wengi walivuka mpaka, wakaja mpaka Uvira na bonde la Ruzizi kutafuta kimbilio. Lakini katika Buta vijana wa kabila hili na wa kabila lile waliendelea kusoma darasa moja, kula meza moja na kulala bweni moja.

Msifikiri ilikuwa rahisi. Habari za vifo ziliingia seminarini kama zilivyoingia mahali pote. Mtoto anayesikia kwamba ndugu zake wameuawa na watu wa kabila la yule anayelala kitanda cha pili, atalalaje? Mkubwa wa seminari, Padri Zacharie Bukuru, hakuwaambia wanyamaze. Aliwaacha waseme mambo ya nchi yao waziwazi, mbele ya wenzao, hata mambo machungu. Pamoja na maneno hayo kulikuwa na sala, michezo, nyimbo na ngoma. (Watu wazima wanaofikiri kwamba mazungumzo ya wanafunzi ni kupoteza wakati, na wafikiri tena.) Wakaishi hivyo zaidi ya miaka 3.

Tarehe 30 Aprili 1997, alfajiri, watu wenye silaha waliingia Buta. Walifika katika bweni, wakawaamuru wanafunzi: Wahutu upande huu, Watutsi upande ule. Wanafunzi hawakusogea. Walikataa kutengana. Basi wale watu wakawapiga risasi na kuwatupia mabomu ya mkono. Wakafa vijana 40. Wamezikwa pamoja pale pale seminarini. Mwaka 2019 Kanisa la Burundi lilianza rasmi kuchunguza habari zao, ili siku moja waweze kutajwa kuwa wenye heri.

Sasa angalieni vizuri. Hakuna aliyewauliza vijana wale kama wanamwamini Kristu. Hawakuletewa msalaba ili waukanyage. Katekisimu haikutajwa hata kidogo. Waliulizwa jambo moja tu: wewe ni wa kabila gani? Tena baadhi yao wangaliweza kuokoka kwa kupiga hatua chache, bila kumkana Mungu kwa neno hata moja. Mtu mwerevu angesema, "Kusogea upande mmoja wa chumba si dhambi. Hakuna amri ya Mungu inayokataza." Nami sina jibu la kitabuni kwa mtu huyo. Najua tu kwamba, kama wangalisogea, sala ya Baba Yetu waliyoisali pamoja kila siku ingalikuwa uongo, nao walilijua hilo bila kufundishwa na mtu.

Ndiyo sababu nasema ya kuwa mtihani wa imani mara nyingi hauji na jina la Kristu. Huja na jina la kabila, au la fedha, au huja kwa mzaha tu. Wengine husema vijana wa Buta walipata neema ya ghafula. Neema walipata, sikatai. Lakini iliwakuta wamekwisha fagia nyumba.

Hata upande wetu wa ziwa mambo ya namna hiyo yametendeka. Mnaijua Baraka. Ukifuata njia ya kando ya ziwa kutoka Uvira, unapita Makobola na Mboko, unaendelea mpaka unafika. Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa vita vya Wasimba, askari walifika katika misioni ya Baraka. Wakamwamuru Bruda Vittorio Faccin apande gari lao. Akakataa, wakampiga risasi. Padri Luigi Carrara alikuwa kanisani akiungamisha watu. Alitoka nje, akamwona mwenzake amelala chini. Naye akaamriwa apande. Alipiga magoti karibu na maiti ya ndugu yake, wakamwua hapo hapo. Siku hiyo hiyo, katika milima ya Fizi, waliuawa Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert. Watatu walikuwa Wasaveriani kutoka Italia. Padri Joubert alikuwa mwana wa nchi: alizaliwa mwaka 1908 Mrumbi, karibu na Moba, kwa mama Mwafrika na baba Mfaransa. Tarehe 18 Agosti 2024, hapa Uvira, Kadinali Fridolin Ambongo aliwatangaza wote 4 kuwa wenye heri. Wengi wenu mlikuwapo, au mlisikia nyimbo kwa mbali. Padri Carrara naye, kama vijana wa Buta, hakuulizwa habari za imani yake. Aliamriwa kuondoka na kumwacha mwenzake.

Nirudi kwenu. Bunduki mnazijua, tena mnazijua kuliko mtoto yeyote anavyopaswa kuzijua, wala sitazieleza hapa. Lakini kabla ya bunduki hutangulia neno, na siku hizi neno hutembea katika simu.

Tuseme kijana ana miaka 14. Jioni, baada ya kula bugali na sombe, kaka yake anamwachia simu kidogo. Ndani yake anakuta sauti ya mtu asiyemjua. Sauti inasema kwamba watu wa kabila fulani si watu, ni wadudu. Kwamba nchi haitapona mpaka waondoke. Mwishoni kuna mzaha, na mzaha wenyewe unachekesha kweli. Kijana anacheka. Anabonyeza, anaipeleka kwa rafiki zake watano. Kisha anaiweka simu chini, anapiga magoti, anasali sala ya jioni, analala. Hakumwua mtu. Hakumtukana mtu kwa kinywa chake. Alipeleka tu maneno ya mwingine.

Kwa maoni yangu kijana huyo amekwisha kupiga hatua zake kuelekea upande mmoja wa bweni. Hakuna aliyemshikia bunduki. Alisogea mwenyewe, huku akicheka.

Wala asiseme mtu kwamba namsema mwingine, si yeye. Wavira, Wafuliiru, Wabembe, Warundi, Wanyamulenge, Wanyindu, Washi: sijaona kabila ambalo halijatukanwa katika sauti hizo, wala sijaona kabila ambalo watu wake wote wamezuia ulimi wao. Kila mmoja hukumbuka tusi alilotupiwa, akasahau alilopeleka.

Najua ya kuwa watu wazima wengi, wakisema na vijana juu ya dini, husema sana habari za suruali za wasichana, na nywele, na miziki ya baa. Sisemi mambo hayo hayana maana. Lakini mahubiri ya saa nzima juu ya suruali, na neno moja juu ya ulimi, ni mizani mbovu, kama mizani ya mchuuzi anayepima ndagala huku kidole chake kimekandamiza sahani. Kijana hujifunza kutoka kwetu lipi ni zito na lipi ni jepesi. Akimsikia baba yake mezani akilitaja kabila la jirani kwa jina la mnyama, na kesho yake baba huyo ni msomaji kanisani, somo limekwisha kufundishwa. Hakuna katekista atakayelifuta upesi.

Wengine wenu mtaniambia: "Bwana Mwalimu, maneno hayo ni mepesi kwako. Nyumba yetu ilichomwa. Kaka yangu hakurudi. Waliofanya hivyo walikuwa wa kabila lile." Neno hilo ni zito, nami silipuuzi. Imani haikutaki uite ubaya wema, wala useme kwamba hukuumia. Sema uliyoyaona, yaseme kwa nguvu. Walioua wana majina, nao wanapaswa kusimama mbele ya hakimu. Lakini mtoto anayekaa nawe kiti kimoja darasani hakushika kiberiti. Siku ile labda alikuwa akinyonya bado, au alikuwa anakimbia naye, upande mwingine wa kilima. Kusamehe ni safari ndefu. Wako watu wanaoianza wakiwa wazee, na Mungu huwangoja. Kutopeleka ile sauti si safari ndefu. Waweza kuanza leo jioni.

Mwingine ataniambia: "Nikikataa kucheka, wenzangu wataniita msaliti." Ni kweli, watakuita hivyo. Sitakudanganya. Labda hawatakuita tena kwenye mpira, labda watanyamaza ukikaribia. Jambo hilo huuma sana mtu akiwa na miaka 14, na wazee wanaosema "usijali" wamesahau ujana wao. Nasema tu kwamba hiyo ndiyo gharama yake kwa sasa, nawe ni mkristu uliyekwisha pewa kipaimara, waweza kuilipa. Kuna gharama nyingine ambazo mtoto hatakiwi kuzitafuta. Ukiona watu wenye silaha, kimbia, jifiche, mfuate mama yako. Vijana wa Buta hawakwenda kutafuta kifo. Kilikuja wakiwa bwenini.

Tena hatuanzi kutoka mahali patupu. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ukaingia mjini, watu wengi wakafa, na nyumba nyingi sana zikaanguka. Asubuhi watu walichimba matope kwa jembe, kwa sahani, kwa mikono, wakitafuta waliofunikwa. Anayechimba hivyo hangojei kuuliza aliye chini anasema lugha gani. Kumbe twaweza. Shida ni kwamba twaweza siku ya mafuriko, kisha matope yakikauka twarudi kila mtu upande wake.

Basi kijana afanye nini, kwa kweli? Hatakiwi kuhubiri. Kijana wa darasa la sita akianza kuwahubiri wenzake katika simu, watamcheka, na labda watakuwa na haki. Afute ile sauti. Asiipeleke. Wakimwuliza mbona amenyamaza, ajibu neno moja: "Fulani ni mwenzangu," amtaje kwa jina. Jina la mtu mmoja huharibu mzaha wa namna hiyo kuliko maelezo marefu, kwa sababu mzaha ule hutaka watu wasio na majina. Na kesho yake akakae na fulani yule yule, kiti kile kile, wakopeshane kalamu kama siku zote.

Neno la mwisho ni kwa wasimamizi wa vijana, wa Xaveri na wa Kiro, na wa makundi mengine ya parokia. Nimeona vijana wetu wakiimba pamoja, sare moja, kitambaa kimoja shingoni, sauti nzuri mno. Kisha ikifika saa ya kula, hugawanyika bila mtu kuwaamuru, hawa huku na hawa kule, kila kikundi na lugha ya nyumbani. Msiwagombeze. Lakini kambi ikifika, msiwaache wachague wenyewe mahali pa kulala. Andikeni majina, changanyeni mikeka. Usiku wa kwanza watanung'unika. Usiku wa pili mtawasikia wakibishana juu ya mpira, nanyi mtakosa usingizi.