Kibandiko Kiseme Kweli

Katika maabara ya shule, chupa ya asidi na chupa ya maji huweza kufanana kabisa. Kinachozitofautisha ni karatasi iliyobandikwa. Waandishi wa programu za kompyuta nao wana vibandiko vyao, na uchaguzi wake si jambo la kupuuzwa.

Programu kubwa hujengwa kwa sehemu nyingi zinazotegemeana. Endapo kila sehemu itajiundia wasaidizi wake yenyewe, kuibadili moja huenda kukavuruga nyingi. Kiunzi cha Spring, kitumikacho katika lugha ya Java, huichukua kazi hiyo: huziunda sehemu na kuipa kila moja inachohitaji. Lakini sharti kwanza kizitambue. Tangu toleo la 2.5 la mwaka 2007, mwandishi aweza kuchagua neno moja kati ya manne: @Component kwa sehemu yoyote, @Service kwa itekelezayo shughuli yenyewe, @Controller kwa ipokeayo maombi ya watumiaji, na @Repository kwa isomayo na kuandika katika hifadhidata.

Wapo wasemao kwamba @Component yatosha kila mahali, maadamu zote huundwa kwa njia moja. Hoja hiyo ni nusu ya ukweli. Naam, @Service haiongezi lolote katika utendaji. Bali @Repository, kiunzi kikiandaliwa ipasavyo, hufanya makosa ya hifadhidata za aina mbalimbali yageuzwe kuwa ya namna moja, yaweze kushughulikiwa kwa urahisi. Na sehemu ya kupokea maombi ikipewa @Component peke yake, itaundwa barabara, lakini maombi hayataifikia; wala hapana onyo litakalotolewa wakati programu inapoanza.

Hata pale ambapo mashine haijali, binadamu hujali. Programu husomwa na watu ambao aghalabu hawatamwona aliyeiandika. Kwao @Service ni taarifa: hapa ndipo penye kanuni za kazi.

Kwa hiyo yafaa kuchagua jina mahsusi kuliko yote, mradi liwe la kweli. Lisipopatikana, @Component si aibu. Kibandiko cha jumla humwacha msomaji atafute. Kibandiko cha uongo humpoteza. Mwalimu asahihishapo kazi ya mwanafunzi asiridhike kwamba programu inakwenda. Amwulize pia: kwa nini sehemu hii imeitwa hivi?