Mwalimu aliyekwenda Juani kufundishwa

Likizo ya Juni inapokaribia, nyumba nyingi za mjini huwa na mazungumzo ya namna moja. Baba huuliza watoto watakaa na nani mchana kutwa. Mama huhesabu nauli ya kuwapeleka kwa bibi yao. Na ikiwa nyumbani humo yumo mwalimu, huwa amekwisha kuandika orodha ya watoto atakaowafundisha masomo ya ziada ili apate fedha kidogo za kusukumia maisha. Swali moja tu halitamkwi: je, mtu mzima naye atajifunza nini katika likizo hii?

Leo napenda tulitazame swali hilo kwa kisa cha jirani yangu, mwalimu wa kike wa shule ya msingi. Ameniruhusu nikisimulie, ila ameomba jina lake lisitajwe.

Mwalimu huyu alikuwa akifundisha darasa la tano somo la ususi. Alifanya kama alivyofundishwa chuoni: alikata karatasi ngumu za rangi vipande virefu, akawaonyesha watoto kupitisha kipande kimoja juu, kingine chini, mpaka kukatokea kitu chenye mirabamiraba. Mtoto mmoja akainua mkono, akasema, "Mwalimu, bibi yangu hasuki hivi." Kesho yake mtoto huyo akaja na mviringo wa ukili alioletewa na bibi yake kutoka kisiwa cha Juani, Mafia. Ukili huo ulikuwa wa rangi tatu, zambarau, kijani na rangi ya ukindu wenyewe, umesukwa mshazari wala si kwa kupishanisha wima na ulalo.

Mwalimu aliuchukua, akaugeuza huku na huku, asiujue mwanzo wala mwisho wake. Watoto wakaanza kucheka. Kwa kuona haya, akamrudishia yule mtoto na kumwambia, "Uweke mkobani, tuendelee na somo."

"Jirani," aliniambia jioni moja tulipokaa barazani, "yule mtoto aliinamisha kichwa, akautia mkobani. Tangu siku ile hakuinua tena mkono katika somo langu. Mimi ndiye niliyekuwa sijui, lakini aliyeona aibu ni yeye."

Likizo ilipofika, mwalimu alimweleza mumewe kwamba mwaka huu hatafundisha masomo ya ziada. Alikuwa amekwisha kuzungumza na mama wa yule mtoto, naye alikubali kumpeleka kwa bibi, Juani, kwa majuma mawili, akajifunze kusuka.

Mumewe ni mfanyakazi wa kiwandani, si mtu wa ugomvi. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mama watoto, fedha zile za masomo ya ziada tulizipangia mabati ya chumba cha uani. Na wewe una cheti cha ualimu. Unakwenda kufundishwa mkeka?"

"Baba watoto," mkewe akamjibu, "cheti ninacho. Mkeka siujui."

Hoja hiyo haikumridhisha mumewe, wala mimi simlaumu. Mabati ni mabati, na mvua haingoji mtu aelimike. Hata hivyo alimsindikiza mpaka kwenye gari la Nyamisati. Kutoka huko mwalimu alivuka kwa chombo hadi Kilindoni, akaenda Utende, kisha akavuka tena ghuba ya Chole mpaka Juani. Ilikuwa majira ya kusi na bahari ilikuwa imechafuka. Aniambia kwamba njia nzima alikuwa akiomba dua.

Alipobisha hodi kwa yule bibi alisema, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe mwalimu wa mjukuu wangu? Karibu, uketi mkekani."

Siku ya kwanza hakusuka hata kidogo. Alifundishwa kuchambua ukindu uliokwisha kuanikwa juani, kisha kuuchana kuwa chane za upana mmoja. Siku ya pili waliuchemsha kwa rangi. Siku ya tatu ndipo aliposhika chane na kuanza kusuka ukili, naye akaendelea hivyo kwa siku tatu. Bibi alikuja, akaupitisha ukili ule vidoleni, akasema neno moja: "Fumua." Chane moja ya zambarau ilikuwa imekosea njia karibu na mwanzo kabisa, na kuanzia hapo nakshi yote ilikuwa imekwenda upande.

Mwalimu alifumua huku machozi yakimlengalenga. Ndipo bibi akasema, bila ya kuinua macho kutoka katika kazi yake, "Mjukuu wangu aliniambia kwamba ulimwambia auweke mkobani."

"Ni kweli, bibi. Nilimwambia."

"Basi. Na sasa tumeutoa. Shika chane."

Ndugu msomaji, tusidhani kwamba kazi hii ni ya mikono mitupu isiyo na akili. Msukaji hana budi kuhesabu chane kichwani na kukumbuka utaratibu wa rangi, maana chane zikizidi ukili hupanuka, na chane moja ikipotea nakshi nzima huharibika. Ukili hupimwa kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Pima ni mikono minne, na mkono ni shibiri mbili. Kisha ukili huo mrefu hushonwa ukingo kwa ukingo mpaka uwe mkeka, na anayeshona lazima ajue tangu mwanzo ni pima ngapi zitakazotosha. Hapo pana hesabu, vipimo, uchoraji na subira. Mwalimu aniambia kwamba alikuwa amefundisha vipimo kwa miaka mingi bila ya kujua kwamba mwili wa binadamu ni rula.

Katika juma la pili, maji yalipojaa, kijana mmoja wa nyumba ile alimpeleka kwa mashua kuona Kua, kwa kuwa mlango wa bahari wa kufikia huko hauna kina maji yakitoka. Kua ni magofu ya mji wa kale wa Waswahili ulioko upande wa magharibi wa Juani. Ipo misikiti, yapo makaburi, zipo nyumba za mawe na jumba moja kubwa liitwalo la mfalme, vyote vimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mwanzoni mwa karne ya 19 mji huo ulishambuliwa na Wasakalava waliokuja kwa ngalawa kutoka Bukini, na watu wengi wakachukuliwa mateka. Mji haukuinuka tena. Leo mizizi ya miti imejipenyeza katika kuta na kuzipasua.

Mwalimu alikaa kivulini akachora kuta hizo katika daftari. Alipokuwa akichora, wazo lilimjia ambalo sijaacha kulitafakari tangu aliponieleza. Ni vigumu kudhani kwamba mji wa pwani kama Kua haukuwa na mikeka. Mkeka huoza kwa miaka michache, na mawe hudumu mamia ya miaka. Lakini leo hakuna mtu wa Kua aliyebaki kutuonyesha ni nani aliyeichonga miimba ile wala aliipima vipi, hali mkeka, kitu kinachooza, bado unasukwa katika kijiji cha jirani. Mawe yamekaa bila ya watu wake. Mkeka umepita mkono kwa mkono, bibi kwa mjukuu, nao umeishi. Siku mkono mmoja utakapokataa kupokea, mkeka nao utakwisha, wala hautaacha hata gofu.

Jambo hili la walimu kutumia likizo kujifunza kazi za mikono si geni duniani. Huko Sweden, katika mahali paitwapo Nääs, Otto Salomon aliendesha kozi za ufundi wa mbao kwa ajili ya walimu tangu miaka ya 1870 hadi alipofariki mwaka 1907. Walimu kutoka nchi nyingi za Ulaya na kutoka Marekani walifika huko wakati wa kiangazi, wakashika randa na visu, kisha wakarudi kufundisha makwao. Huko Uganda, Margaret Trowell alianza miaka ya 1930 kufundisha sanaa kwa watu wazima, na kazi yake ikawa chanzo cha shule ya sanaa ya Makerere. Mmoja wa waliosoma hapo ni Mtanzania mwenzetu Sam Ntiro, mchoraji na mwalimu, aliyekuwa pia balozi wetu wa kwanza mjini London.

Nasi nyumbani tuna historia yetu. Mwaka 1967 tulipewa siasa ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotaka shule isitengane na kazi. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwishoni mwake Mwalimu Nyerere alizitaja wilaya sita zilizotakiwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma kabla ya mwisho wa mwaka 1971. Mafia ilikuwa mojawapo. Wazee wengi wa kisiwa hicho walishika kalamu wakiwa watu wazima, wakafundishwa na walimu vijana. Mwaka 1975 vilianza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoiga mfano wa vyuo vya watu wazima vya Sweden, na kazi za ufundi zikawa sehemu ya masomo yake. Kwa hiyo mwalimu kwenda Juani kuketi mbele ya bibi ni kurudisha deni: jana mwalimu alimfundisha bibi herufi, leo bibi anamfundisha mwalimu ukili.

Haja ya jambo hili imezidi sasa, kwa kuwa mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 umeliweka somo la Sanaa na Michezo katika shule za msingi. Somo limeandikwa, mikono ya kulifundisha ndiyo inayotakiwa. Kwa walimu na wafanyakazi wanaotaka kuanza, natoa ushauri ufuatao.

Kwanza, wasiwe wengi. Watu watano au sita kwa fundi mmoja wanatosha, kwa maana kazi hii hujifunzwa kwa kutazama vidole, na vidole vya mtu mmoja haviwezi kutazamwa na umati.

Pili, fundi alipwe kama mwalimu. Tusimwendee bibi mikono mitupu kwa kisingizio cha undugu, tukampotezea majuma mawili ya kazi ambayo ndiyo inayomnunulia mchele na mafuta.

Tatu, muda uwe wa kutosha. Kozi ya siku moja humpa mtu picha ya kuonyesha wenzake, haimpi ufundi. Kila mwanafunzi arudi na kitu kimoja alichokimaliza mwenyewe, hata kama ni kawa ndogo ya kufunikia chakula.

Nne, wanaofika Kua wachore wapendavyo, lakini wasiokote kitu. Vigae vya vyombo vya kale, pamoja na vile vilivyotoka China, vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Kigae kikitolewa mahali pake hakisemi tena lolote.

Tano, asiyeweza kufika Mafia asikate tamaa. Dar es Salaam wapo wachongaji wa Mwenge, wapo wachoraji wa Tingatinga kule Oysterbay, na katika mitaa yetu wapo akina mama wa pwani wanaosuka barazani kila jioni. Tunawapita tukiwaamkia, tusiwaulize lolote. Tuwaulize.

Labda utataka kujua, ndugu msomaji, mambo yaliishaje. Shule zilipofunguliwa mwezi Julai, mwalimu aliingia darasani na ukili wake wa pima mbili tu. Akawaambia watoto wote wasikie, "Nilipokuwa sijui kitu, nilimnyamazisha mwenzenu aliyekuwa anakijua. Nilikosa." Kisha akamwomba yule mtoto aje mbele autazame ukili wake.

Mtoto aliupitisha vidoleni taratibu, kama afanyavyo bibi yake. Darasa zima lilinyamaza. Halafu akasema, "Mwalimu, hapa katikati umekaza mno."

"Basi nionyeshe," mwalimu akamwambia, wakakaa chini wote wawili.

Darasa lile sasa linasuka msala mmoja, nao bado haujafika nusu. Mabati ya chumba cha uani hayajanunuliwa. Yatangoja Desemba, na mvua za vuli zikija mapema, ndoo itawekwa chini ya panapovuja. Mume wa mwalimu bado hunung'unika kidogo. Lakini juzi nilipopita nilimkuta ameketi barazani, amemshikia mkewe upande mmoja wa ukili huku yeye akipima, na alikuwa akihesabu pima kwa sauti.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.